Mfumo wa Kukodi au wa Kujijengea: Niliyoyaona katika Kampuni za Simu, Dar es Salaam na Tanga

Kampuni ya simu, ukiiondolea minara yake na matangazo yake, hubaki kuwa daftari la mwenye duka lililokuzwa mara milioni. Kila sekunde ya maongezi, kila ujumbe na kila kipande cha data lazima kiandikwe, kipewe bei, kikatwe kwenye salio la mtu fulani, na kodi ya Serikali itengwe kabla fedha haijahesabiwa kuwa mapato. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeitumia ndani ya daftari hilo, kwanza Dar es Salaam katika idara ya mifumo ya utozaji, na sasa hapa Tanga, ninakowashauri watoa huduma wadogo wa intaneti. Swali moja limekuwa likirudi katika vikao vya kila ngazi: je, mifumo ya kompyuta tuikodi kwa wakandarasi wa nje, au tujijengee wenyewe?

Wengi hulijibu kwa kulinganisha bei za ununuzi, wakaweka jedwali mezani na kumchagua aliye nafuu. Mimi nimefikia kuamini kwamba bei ya ununuzi ndiyo sehemu nyepesi ya hesabu hiyo. Uzito uko kwenye mabadiliko: ni nani mwenye uwezo wa kuubadilisha mfumo, atachukua muda gani, na atatoza nini, siku masharti ya biashara yatakapogeuka. Na masharti ya biashara hii, katika nchi yetu, hugeuka sana.

Msomaji asiyeifahamu kazi hii huenda akadhani kwamba utozaji ni jambo la mwisho wa mwezi, kama bili ya maji. Wateja wengi kupindukia wa Tanzania hulipa kabla ya kutumia, kwa hiyo mfumo hauna anasa ya kusubiri. Mtu anapopiga simu kutoka Muheza kwenda Mwanza, mtambo wa mawasiliano huuliza mfumo wa utozaji, kwa lugha maalumu ya mitambo iitwayo Diameter, kama mpigaji ana salio, ana kifurushi gani, na aruhusiwe sekunde ngapi. Jibu lazima lirudi katika sehemu ndogo ya sekunde, kisha swali liulizwe tena na tena mpaka simu ikatike. Pembeni yake upo mfumo wa kukusanya rekodi za simu, wa kusajili laini, wa kulipana na kampuni nyingine kwa simu zinazovuka mitandao, na wa kituo cha huduma kwa wateja. Hakuna kampuni inayoandika yote hayo kuanzia mstari wa kwanza, na hakuna inayoweza kuyanunua yote yakafanya kazi bila kuguswa na mkono wa nyumbani. Kwa hiyo wanaogombana kuhusu kukodi au kujenga, mara nyingi wanagombea mahali pa kuweka mpaka, ingawa wenyewe hawasemi hivyo.

Mwaka 2021 ulinifundisha kuhusu mpaka huo kuliko semina zote nilizohudhuria. Sheria ya Fedha ya mwaka huo ilileta tozo kwenye miamala ya fedha kwa simu, ya kutuma na ya kutoa, kwa viwango vilivyopanda kulingana na kiasi, kuanzia shilingi 10 hadi shilingi 10,000 kwa muamala, na utekelezaji ukaanza tarehe 15 Julai. Kwa mwananchi hiyo ilikuwa habari ya mfukoni, na kelele zake zilisikika kila kona. Kwetu sisi ilikuwa kazi ya kuingiza jedwali jipya la makato ndani ya mfumo ambao haukuwa wetu. Kampuni niliyokuwa nikiifanyia kazi wakati huo ilikuwa imekodi mfumo pamoja na watu wa kuuendesha, na wahandisi wenye ruhusa ya kugusa kanuni za makato walikuwa bara jingine. Mkataba ulieleza utaratibu vizuri sana: unaandika ombi la mabadiliko, mkandarasi anatathmini, anatoa bei, unaidhinisha, linaingia kwenye foleni, linajaribiwa, ndipo linawekwa. Utaratibu huo unafaa mno kwa nchi ambayo sheria zake za kodi hutangazwa mwaka mmoja kabla. Kwa nchi ambayo bajeti hupitishwa Juni na kuanza kutumika Julai, uligeuka kuwa mbio za watu wasiolala.

Tulifika. Lakini tarehe 7 Septemba ya mwaka huo huo viwango vikapunguzwa kwa asilimia 30, na mwaka uliofuata kiwango cha juu kikashuka kutoka shilingi 7,000 hadi shilingi 4,000. Kila badiliko lilikuwa ombi jipya lenye ankara yake. Sitaki nieleweke kwamba namlaumu mkandarasi. Alitimiza alichotia saini. Waliotia saini upande wetu walikuwa wamepigania bei ya leseni mpaka senti ya mwisho, na bei ya kila ombi la mabadiliko wakaiacha kwenye kiambatisho ambacho nadhani hakikusomwa kwa sauti katika kikao chochote.

Miezi michache kabla ya hapo palitokea jambo lingine ambalo halikuzungumzwa sana katika idara yetu, pengine kwa sababu lilikwenda vizuri. Kanuni ndogo mpya za vifurushi zilianza kutumika tarehe 2 Aprili 2021, bei za vifurushi zikabadilika, wananchi wakalalamika kwa nguvu, na kwa muda mfupi sana Wizara ikaagiza vifurushi virudishwe kama vilivyokuwa. Mfumo ulikuwa ule ule wa kukodi na mkandarasi ni yule yule. Hata hivyo, tuliweza kurudi nyuma bila kumwomba mtu, kwa kuwa katalogi ya vifurushi, yaani sehemu ambapo jina, bei, muda na ujazo wa kila kifurushi huandikwa, ilikuwa imekabidhiwa kwa timu yetu tangu mwanzo, na dada mmoja wa idara ya bidhaa alikuwa na desturi ya kuhifadhi nakala ya katalogi kila kabla ya badiliko lolote. Ndani ya programu moja, basi, kulikuwa na chumba ambacho ufunguo wake tulikuwa nao na kingine ambacho hatukuwa nao, na tofauti kati ya Aprili na Julai ilitokana na ufunguo huo tu. Tangu hapo, nikipewa mkataba wa mfumo niusome, naanza kutafuta orodha ya vitu ambavyo mfanyakazi wa kampuni anaweza kuvibadilisha mwenyewe siku ya Jumapili, ndipo narudi kwenye bei.

Ingekuwa rahisi kuhitimisha kwamba kila kitu kijengwe nyumbani. Nimeuona upande huo pia. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulipoanza tarehe 1 Mei 2019, kampuni zililazimika kuunganisha vifaa vya mawakala na kanzidata ya Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, na mwisho wa kusajili ukasogezwa hadi tarehe 20 Januari 2020. Kampuni moja niliyoifahamu kwa karibu iliwapa kazi hiyo vijana wake yenyewe, na kwa miezi ile nilikuwa nikiwaonea wivu. Wakala wa Handeni alipolalamika asubuhi kwamba kifaa chake hakisomi vidole vya mkulima wa mkonge vilivyokwisha kusuguka, mchana vijana walikuwa wamekwisha kubadilisha namna kifaa kinavyoruhusu kidole kingine kijaribiwe. Hakuna mkandarasi wa ng’ambo angelifanya hilo kwa kasi ile, kwani asingelielewa hata tatizo lenyewe.

Kisha vijana wakaanza kuondoka, mmoja kwenda benki, mwingine kampuni ya kigeni inayolipa kwa dola, na aliyebaki akawa peke yake mwenye kuelewa kwa nini programu ilikuwa inasubiri sekunde kadhaa kabla ya kutuma picha ya kitambulisho. Hakukuwa na maelezo yaliyoandikwa. Waliokuja baada yao walikuwa wakigusa programu ile kwa woga, na kila badiliko dogo lilichukua muda kuliko ambavyo lingechukua kwa mkandarasi. Mfumo wa kujijengea una uhuru mwanzoni, lakini uhuru huo unakaa ndani ya vichwa vya watu, na watu wana haki ya kuhama. Kampuni ambayo haiko tayari kulipa mishahara ya soko na kuwalazimisha wahandisi wake waandike maelezo, itakuja kujikuta imekuwa mteja wa mkandarasi asiyekuwepo.

Makampuni makubwa ya dunia hayakukubaliana juu ya jambo hili, na nafikiri ni vyema kulijua hilo kabla mtu hajashawishiwa na muuzaji. Bharti Airtel ya India ilikabidhi mifumo yake ya kompyuta kwa IBM mwaka 2004 kwa mkataba wa miaka 10, malipo yakifuata mapato ya kampuni, jambo ambalo wakati ule lilionekana kama wazimu na baadaye likafundishwa katika shule za biashara. Iliponunua shughuli za Zain barani Afrika mwaka 2010, Tanzania ikiwemo, ilitia saini na IBM hiyo hiyo mkataba mwingine wa miaka 10 kwa nchi 16. Viettel ya Vietnam, ambayo hapa kwetu iliingia mwaka 2015 kwa jina la Halotel, imekwenda njia ya kinyume kabisa: ina wahandisi wake wanaoandika hata mfumo wa utozaji wenyewe. Kampuni zote mbili zimekua sana. Mwenye kutafuta ushahidi kwamba njia moja ndiyo sahihi hataupata huko.

Kwangu mfano wenye manufaa zaidi ni M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007 na kuja Tanzania mwaka 2008. Mfumo wake wa kwanza uliandikwa makusudi kwa ajili ya kazi hiyo na kampuni ya Uingereza iitwayo Sagentia kwa agizo la Vodafone, na kwa miaka mingi seva zake zilikaa Ujerumani, hata muamala wa mtu na jirani yake ulilazimika kusafiri hadi Ulaya na kurudi. Mwaka 2015 shughuli za Kenya zikahamishiwa Kenya kwenye jukwaa jipya la Huawei. Mwaka 2020 Safaricom na Vodacom zikanunua kutoka Vodafone chapa ya M-Pesa pamoja na kazi ya kuiendeleza na kuihudumia, ili uamuzi wa maendeleo yake ubaki Afrika. Nikiitazama safari hiyo naona wenye huduma wakibadilisha waandishi wa programu bila aibu, wakinunua pale ilipofaa kununua, huku wakivuta usukani hatua kwa hatua mpaka ukawafikia mikononi.

Hayo ni ya wakubwa. Nilipohamia tena Tanga nilidhani nimeyaacha, mpaka nilipoitwa na mama mmoja mfanyabiashara ambaye, pamoja na shughuli zake nyingine, anamiliki kampuni ndogo ya intaneti inayohudumia maduka ya Ngamiani, nyumba za wageni za Raskazone na nyumba za watu binafsi zinazoongezeka kuelekea Pongwe. Alikuwa na barua mbili mezani. Ya kwanza ilitoka kwa kampuni ya ng’ambo inayokodisha mfumo kamili wa wateja na ankara, kwa malipo ya dola kwa kila mteja kwa mwezi. Ya pili ilitoka kwa vijana watatu wa hapa hapa mjini waliojitolea kumjengea mfumo wake kwa shilingi.

Baada ya shikamoo na chai, aliniuliza moja kwa moja. “Mwanangu, hawa wazungu nikishindwa dola mwezi mmoja watanizimia. Na hawa vijana, Tanga hii waja leo waondoka leo. Wakiitwa Dar nitabaki na nini?”

Nilikuwa nimewahi kusikia wakurugenzi wenye shahada mbili wakilizungumza jambo hilo kwa slaidi nyingi bila kulifikisha hapo alipolifikisha yeye.

Tulikaa tukaorodhesha mambo ambayo wateja wake wamewahi kuyadai. Wengi hawalipi kwa mwezi. Hulipa kwa wiki, na wengine kwa siku, kupitia simu. Mtoto aliyeko Dar humlipia mama yake aliyeko Chumbageni, na anataka risiti iende kwa mama. Katika mwezi wa Ramadhani wateja huulizia kifurushi cha usiku. Umeme ukikatika mchana kutwa, mteja wa duka hudai aongezewe siku. Mfumo wa ng’ambo, kama tulivyouona kwenye majaribio, ulikuwa mzuri wa sura na imara, lakini ulijua mwezi tu, na mlipaji na mtumiaji kwake walikuwa mtu mmoja. Kila dai katika orodha ile lingekuwa ombi la mabadiliko.

Jambo jingine lililonisukuma ni la mwezi Mei 2024, wakati nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilipokatika na intaneti ya nchi nzima kuyumba. Mtoa huduma mwingine wa huku, si huyu mama, alikuwa na mfumo wake wote ng’ambo. Mteja alilipa kwa simu, fedha ikafika kwa sababu miamala hiyo inahesabiwa humu humu nchini, lakini mfumo wa kumfungulia huduma haukupatikana kwa saa nyingi. Mtu atasema kwamba siku ile intaneti yenyewe ilikuwa ya kubahatisha, hivyo hasara iko wapi. Hasara ilikuwa kwamba huduma zilizohifadhiwa ndani ya nchi ziliendelea kupatikana, na mteja aliyelipa aliweza kumwona jirani yake wa mtandao mwingine akizitumia.

Kwa hiyo nilimshauri akate mfumo vipande. Kazi ya kumtambua mteja na kupima matumizi yake ina programu huria iliyokomaa, FreeRADIUS, inayoelewana na ruta za MikroTik alizokwisha kufunga juu ya mapaa, nayo ikawekwa kwenye seva iliyo Tanga, yenye betri zake. Hiyo hainunuliwi wala haijengwi upya. Kumpa kijana kazi ya kuiandika tena ni kumtuma kuchimba kisima kando ya mto Zigi. Hesabu za kampuni, mishahara na kodi tulizikodi kwa kampuni ya humu nchini, kwa kuwa hakuna mteja anayechagua mtoa huduma kwa uzuri wa leja yake, na sheria za kodi zikibadilika ni vyema mzigo huo ubebwe na mtu anayewahudumia wengi kwa pamoja. Kilichobaki, yaani vifurushi, malipo ya simu, kuongeza siku na ujumbe kwa mteja, ndicho tulichowapa vijana watatu wakijenge. Ni sehemu ndogo kwa ukubwa, lakini ndiyo inayobadilika kila mara, na ndiyo inayomtofautisha mama huyu na washindani wake.

Mkataba wa vijana ulituchukua muda kuliko programu yenyewe, na sijutii. Uliandikwa kwa Kiswahili, ili mwenye kampuni ausome bila mkalimani. Msimbo wote ni mali ya kampuni na unahifadhiwa kwenye akaunti ya kampuni kuanzia siku ya kwanza, si siku ya makabidhiano. Hakuna sehemu inayoingia kazini bila kusomwa na mtu wa pili. Malipo ya mwisho hutolewa baada ya mtu asiyeshiriki kuijenga kufuata maelezo yaliyoandikwa na kuusimamisha mfumo upya kwenye kompyuta tupu; sharti hili vijana walilipinga kwanza, kisha wakakiri wenyewe kwamba jaribio la awali lilifichua nywila mbili zilizokuwa kichwani mwa mmoja wao tu. Kwa mkandarasi wa hesabu tulidai mambo mengine: bei kwa shilingi, nakala ya data zetu kila wiki katika mpangilio unaosomeka na programu nyingine, na kipindi cha kukabidhi endapo tutaachana. Aidha, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika na inaweka masharti ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi, tulimtaka aseme kwa maandishi seva zake ziko wapi. Mzabuni mmoja alishindwa kulijibu swali hilo, na uchaguzi ukawa mwepesi kidogo.

Wenzangu wa Dar es Salaam hunitania kwamba mpango huu unafaa kampuni yenye wateja wanaoweza kutajwa kwa majina, lakini hauwezi kusimama mbele ya mamilioni ya laini. Wana haki kwa sehemu. Kampuni kubwa haiwezi kuweka injini ya utozaji kwenye programu huria na kijana mwenye kompyuta ya mapajani, na vipimo vya Mamlaka ya Mawasiliano kuhusu ubora wa huduma haviachi nafasi ya kujifunzia. Lakini ukataji wenyewe wa vipande naona unafaa kwa ukubwa wowote: injini inunuliwe kwa aliyeijaribu katika nchi nyingi, katalogi na kanuni za makato zishikwe na watu wa nyumbani, na kila kilicho katikati kijadiliwe kwa kuuliza kimebadilishwa mara ngapi katika miaka mitatu iliyopita. Takwimu hiyo kila kampuni inayo ndani ya kumbukumbu zake za maombi ya mabadiliko, na sijawahi kuiona ikiletwa katika kikao cha zabuni.

Kwa mama wa Ngamiani bado tuna jambo moja mezani. Mmoja wa vijana wale amekwisha kupata barua ya kazi Dar es Salaam, kama ilivyotabiriwa, na mwenye kampuni anafikiria kumpa yeye na wenzake asilimia ndogo ya mapato ya vifurushi badala ya mshahara mkubwa asioumudu. Nimemwomba asubiri mpaka mhasibu apige hesabu ya namna asilimia hiyo itakavyotozwa kodi, na mpaka kijana mwenyewe aseme kama ataendelea kuitunza programu akiwa Dar, kwa saa ngapi kwa wiki, na simu yake itapokelewa na nani usiku.